Bi Pimbi Auza Vitabu vya Marehemu

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba na soko na misiba kama sisi, aliishi Pimbi na mkewe juu ya mwamba. Pimbi alikuwa mdogo wa mwili, lakini alijua kuandika. Alitunga kitabu cha hadithi za kuchekesha, akakinakili tena na tena mpaka nakala zikajaa kasha. Kabla hajauza hata moja, Mungu akamchukua.

Siku ya mazishi alikuja Jumbe Kiboko, mkuu wa soko. Koo za Viboko na Pimbi zilikuwa na utani. Nanyi mnajua, mtani ana ruhusa ya kufanya mzaha hata msibani, na anayetaniwa hana ruhusa ya kukasirika. Akikasirika, faini yake ni kuwalisha watu wote wa mji.

Basi Kiboko akavaa kofia ya marehemu, ikakaa kichwani mwake kama kizibo cha chupa juu ya mtungi. Akalia, "Uuuwi! Pimbi ameniachia kofia, hakuniachia kichwa cha kuivalia!"

Watu wakacheka. Mjane naye akacheka, machozi yakimtoka. Ilikuwa sawa. Kucheka siku ile hakukuwa kumsahau marehemu.

Eda ilipokwisha, Bi Pimbi akajitwika kasha, akaenda sokoni.

"Vitabu! Vitabu vya marehemu mume wangu!" aliita.

Hakuna aliyesimama. Kanga alipita na vifaranga wake. "Pole, shoga. Mungu amrehemu. Lakini vitu vya marehemu... naogopa."

Ngiri naye akageuza uso, akajifanya anachagua mihogo.

Mara, du! du! du! Akaja Jumbe Kiboko. Nyuma yake alikuwa Nyati, askari wa soko, amebeba kijinga cha moto.

"Karatasi haziliwi," alisema Kiboko. "Leo nawapikia wageni wangu, na kuni zimelowa. Ikifika alasiri, vitabu ambavyo havijanunuliwa vitaingia jikoni."

"Jumbe, humo ndimo yalimobaki maneno ya mume wangu. Sina mengine."

"Aa, mtani! Umenuna? Huu ni utani tu!"

Watu wakacheka kwa woga. Lakini Nyati alikuwa anapanga mafiga mbele ya kasha, na moto ulikuwa moto kweli.

Bi Pimbi akamwomba Mungu kimoyomoyo, kisha akainua uso.

"Jumbe, sema tena, wasikie wote. Ni utani?"

"Ni utani!"

"Wallahi?"

"Wallahi, ni utani! Unataka niimbe?"

"Alhamdulillahi. Basi mimi nami ni mtani wako."

Akatoa kitabu kimoja, akakifungua, akasoma kwa sauti:

"'Palikuwa na jumbe mmoja, mdomo wake mpana kama mlango wa zizi.'"

Kila mtu akautazama mdomo wa Kiboko. Kiboko akaufumba haraka.

"'Jumbe huyo alikwenda ukweni. Wakamletea wali, akasema, Nimeshiba. Wakamletea maharage, akasema, Nimeshiba. Alitaka aonekane mkwe mwenye adabu. Lakini tumbo lake likasema, Ngrrrr!'"

"Hi hi!" mtu alicheka nyuma.

"Nani huyo?" Nyati alifoka. Kicheko kikakatika.

Bi Pimbi akaendelea. "'Watu walipokwenda kisimani, jumbe akanyata hadi jikoni, akaingiza kichwa katika chungu cha wali. Akala, akala. Alipotaka kukitoa, wapi! Kimenasa! Mara akasikia nyayo, kwata, kwata. Mama mkwe amesimama mlangoni. Anamwona mkwewe na chungu kichwani. Na yeye, humo humo ndani ya chungu, akasema...'"

Pa! Akakifunga kitabu.

"Akasema nini?" Ngiri aliuliza kwa kelele.

"Jibu limo katika ukurasa unaofuata."

"Soma basi!"

"Moshi umeniingia machoni, kaka Ngiri. Na Jumbe anangoja kuni zake."

Nyati akainua mguu juu ya Bi Pimbi. "Jumbe! Anakusema wewe huyu! Nimkanyage?"

Masikio ya Kiboko yalitetemeka. Shingo yake ikavimba. Bi Pimbi aliuona ukwato ule juu ya kichwa chake, lakini hakukimbia. Akimbie, aache kasha?

"Jumbe," alisema taratibu, "umekasirika? Kama umekasirika, tuwaite watu wa mji waje na sahani zao."

Kiboko akageuka. Kando ya njia alisimama Tembo na wanawe wote, wameshaanza kulamba midomo.

"Nani amekasirika?" alisema Kiboko, meno yakisagana. "Nacheka. Ha. Ha. Nyati, shusha mguu. Lakini alasiri iko palepale!"

Vivuli vilikuwa vinarefuka. Nyati akapuliza moto, fuuu! fuuu! Cheche zikaruka mpaka kwenye kasha.

Ngiri akautazama moto, akalitazama kasha. "Vikiungua sitajua alisema nini! Lete kimoja!"

Akatoa mihogo, akapewa kitabu. Akafunua ukurasa, akasoma, akaanguka chali, miguu juu. "Kwe kwe kwe!"

"Amesema nini?" wote waliuliza.

"Siwezi... mbavu zangu... someni wenyewe!"

Kanga akasahau woga wake. "Nipe na mimi, shoga! Shika mayai haya!"

Wakasukumana. Huyu chumvi, yule mtama, huyu asali. Alasiri ilipoingia, kasha lilikuwa limebaki na kitabu kimoja tu.

"Hicho changu!" Nyati alinyoosha mkono. "Motoni!"

"Ngoja," alisema Kiboko.

Pande zote watu walisoma, wakamtazama, wakacheka. Ni yeye peke yake asiyejua jumbe alisema nini.

"Nipe hicho."

"Ukakichome, mtani?"

"Nikisome, bwana!"

"Vinauzwa, Jumbe."

Kiboko akaguna, akamsukumia kapu zima la mchele wa wageni wake. Akasoma akifuata maneno kwa kidole.

"'Akasema, Hodi humu ndani! Mama mkwe akajibu, Karibu, mwanangu, ila ulichokifuata umeshakimaliza.'"

Tumbo la Kiboko likaanza kutikisika. Akabana midomo. Akabana, akabana.

"Bwahahaha!"

Akaketi chini, puu! Mafiga yakaviringika, vumbi likauzima moto.

"Jumbe, sasa nimkanyage?" Nyati aliuliza.

"Umkanyage nani, wewe! Kaa hapa, nikusomee tangu mwanzo."

Bi Pimbi akajitwika kasha, ndani yake sasa mna vyakula, akarudi kwake. Katika kila nyumba aliyopita alisikia maneno ya mumewe yakisomwa, na watu wakicheka. Akasimama kidogo, akamshukuru Mungu, akaendelea na safari.

Basi wanangu, mdogo akijua kuchekesha, mkubwa hupata taabu kumnyamazisha.