Mjane Damari na Nyumba ya Bure

Wametuachia habari wazee waliotutangulia katika imani, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba palikuwa na kijiji cha watu walioachwa huru kutoka utumwani. Walikaa kando ya mto, wakajenga kanisa dogo la makuti. Kila mmoja alitoka kwao mbali, hakuna mwenye shamba la babu wala shangazi wa kumkimbilia. Kwa hiyo wakawekeana ahadi mbele ya madhabahu kwamba mjane, yatima na mgonjwa wasilale nje maadamu wao wana mikono. Kila Jumamosi walikusanyika, wanaume kwa wanawake, wakawajengea wasiojiweza nyumba za miti na udongo, bila ujira, huku wakiimba zaburi.

Kiongozi wao alikuwa mzee wa kanisa, Yohana Feruzi, Mungu amrehemu. Alikuwa mcha Mungu wa kweli, mikono yake haikujua kupumzika. Ila alikuwa na haraka, jamani! Haraka ya kutenda mema, lakini hiyo nayo ni haraka.

Mwaka mmoja zamu ikamfikia mjane Damari, aliyekuwa akilea wajukuu wawili katika kibanda kilicholala upande, kimeegemezwa gogo kisianguke. Masika yalikuwa karibu. Ndugu wakajitahidi, wakachimba udongo palepale ukingoni mwa mto, wakaukanyaga, wakakandika kuta. Nyumba ikasimama, padre akaibariki. Damari akashika mwimo wa mlango, akalia, akasema, "Mungu awalipe, ndugu zangu. Mimi sina cha kuwalipa."

Kesho yake Feruzi akapita kumjulia hali. Nyumba mpya imefungwa, na moshi unafuka kibandani.

"Mama Damari, hujahamia?"

"Bado, mzee wangu."

"Kuna nini?"

"Hakuna neno. Nyumba ni nzuri sana."

Feruzi akaenda zake akikuna kichwa. Siku zikapita, na hali ni ileile. Wakadhani mlango unapigwa na upepo, wakauhamisha. Wakadhani dirisha ni dogo, wakalipanua. Wengine wakanong'ona kwamba nyumba ina pepo, padre akarudi akaiombea tena. Kwa kila jambo Damari alishukuru kwa unyenyekevu, na jua likizama akaingia kibandani kwake na wajukuu zake. Basi nani asingechanganyikiwa? Mtu akikataa kitu husema sikitaki, yakaisha. Huyu anakisifu, na anakikimbia! Feruzi hata akisali alipoteza maneno katikati, akabaki anawaza mlango na dirisha.

Ikaja mvua ya kwanza, rasharasha tu. Gogo likateleza, na upande mmoja wa kibanda ukaporomoka, karibu umfunike mjukuu mdogo. Feruzi akaja mbio kwa hofu na hasira pia.

"Mama, unataka kuzika watoto hawa? Kama nimekukosea, niambie! Mimi sielewi tena."

Damari akainamisha kichwa. "Mzee Feruzi, nimeapishwa nisiseme, nami sitavunja kiapo. Lakini pale mlipochimba udongo, umewahi kurudi?"

Feruzi akaduwaa. Udongo? Udongo na pepo, udongo na dirisha, wapi na wapi? Akaenda hivyo hivyo, kichwa kinamzunguka.

Huko akamkuta mwanamke mtu mzima amechutama shimoni, anakwangua udongo uliobaki chini kwa kifuu cha nazi. Alikuwa Bi Mwanaidi, mfinyanzi wa mji wa Waislamu uliokuwa jirani, aliyeishi kwa kuuza vyungu. Pembeni mwa shimo vilitawanyika vigae vya vyungu vya kale.

Feruzi akamwamkia, kisha akauliza, "Bibi, hapa ni pako?"

"Palikuwa pa mama yangu, na pa mama yake. Vigae hivi ndivyo mpaka wetu. Kila mwenyeji anajua. Nyinyi wageni hamkujua."

Feruzi akakumbuka. Vigae vile alivisukuma kwa mguu wake mwenyewe, akidhani ni takataka. Tena siku ile mwanamke mmoja alikuja akasema neno, naye akamjibu kwa kicheko, "Udongo ni wa Mungu, bibi!" Na ndugu wakapaza zaburi.

"Mbona hukutushtaki?"

"Nimshtaki vipi mtu anayemwimbia Mungu? Nilimlilia jirani yangu Damari tu, kisha nikamwapisha asiseme, asije akakosa nyumba kwa ajili yangu."

"Hajahamia, bibi. Mpaka leo."

Bi Mwanaidi akaachia kifuu kikaanguka. "La haula! Na mvua hii?"

Feruzi hakungoja zaidi. Haraka yake ileile ikamshika. Akarudi kijijini, akachukua jembe, akasimama mbele ya ndugu zake.

"Nyumba hii ni ya udongo wa wizi, na mwizi ni mimi. Tunaibomoa, mwenyewe arudishiwe mali yake."

"Mzee, wingu lile hulioni? Umerukwa na akili?"

Akapiga. Bonge la udongo likaanguka, mwanga ukapenya ukutani. Alipoinua jembe mara ya pili, mkono ukashika mpini. Alikuwa Bi Mwanaidi, anahema.

"Ulichimba bila kuniuliza, na sasa unabomoa bila kuniuliza!"

Feruzi akamtazama, machozi yanamlengalenga. "Basi nifanye nini, bibi? Mimi nimepotea kabisa."

"Niombe."

"Nikuombe nini?"

"Udongo! Niombe kama mtu anavyomwomba mwenzake."

Mzee wa kanisa akapiga magoti kwenye matope. "Bi Mwanaidi, nakuomba udongo wa kumjengea mjane."

"Chukua, nimeutoa kwa ajili ya Mungu. Na siku ile ningeutoa vilevile. Hamkuchukua udongo wangu tu, Feruzi. Mlichukua na sadaka yangu."

Damari akakunja mkeka wake, akawashika wajukuu mikono, akaingia katika nyumba yake, na mvua ikamwagika.

Masika yalipokwisha, ndugu wakarudi mtoni wakamfukulia Bi Mwanaidi shimo jipya, wakavipanga vigae kama vilivyokuwa. Na lile tundu la jembe Damari alilikandika kwa mikono yake, kwa udongo aliokwenda kuuomba mwenyewe.

Wapendwa, tunapokimbilia thawabu, tutazame tunakanyaga cha nani. Kila kitu ni cha Mungu, kweli, lakini amekiweka mikononi mwa mtu, na mtu huyo naye anataka kutoa. Mpigie hodi kwanza.