Mama wa Pembeni Mwa Picha

Wapendwa, nipeni masikio yenu kidogo, na yule anayechezea simu kule nyuma aiweke mfukoni.

Kulikuwa na kanisa moja lililokuwa na picha kubwa upande wa kushoto, juu ya mabenchi ya akina mama. Iliachwa na wamisionari. Ilikuwa ya Kizungu hasa, kazi ya wale wachoraji wa Ulaya ya zamani waliokuwa wakipaka kitambaa chote giza kwanza, kisha wanaweka mwanga kwa ubahili, pale tu walipotaka jicho liende. Mshumaa mmoja mezani. Bwana Yesu ameketi, uso wake umeangazwa. Wanaokula naye wameangazwa nusu nusu, huyu shavu, yule kiganja. Kwingine kote ni giza la rangi ya kahawa iliyoungua. Ukiingia kutoka juani huoni kitu. Lazima ukae, jicho lizoee, ndipo unaona kwamba pembeni, karibu na mlango, kuna mama amesimama, ameziba mdomo kwa mtandio. Analia. Mwanga umemfika vidoleni tu.

Chini ya picha hiyo alikuwa akikaa mama mmoja aliyemzika mwanawe wa pekee. Kila Jumapili, benchi lile lile. Haimbi, hapigi makofi. Anatazama juu, ibada ikiisha anajifunga khanga yake anaondoka. Mwanzoni watu walimfuata nyumbani na sukari na unga. Baadaye wakachoka. Mnajua tunavyochoka. Wakaanza kuulizana, "Huyu naye, bado tu?"

Ikaja habari kwamba askofu anakuja kwenye jubilei. Mwenyekiti wa kamati ya maandalizi akasimama mbele ya picha, mikono kiunoni.

"Picha gani hii ya giza? Hapa ni nyumba ya nuru jamani. Askofu atadhani tuko msibani!"

Wakamleta fundi anayechora mabango ya maduka. Mwenyekiti mwenyewe akapanda ngazi kumwonyesha pa kupaka. Huko juu, pua inakaribia kugusa picha, ndipo akamwona yule mama kwa mara ya kwanza katika miaka yote aliyosali pale.

"Na huyu analia nini? Bwana yupo mezani, yeye analia mlangoni? Huyu hana imani. Mfute."

"Nimfute kabisa, mzee?"

"Kabisa. Hapo weka maua."

Fundi akafanya alivyoambiwa. Akapaka manjano, akapaka bluu ya mbinguni, kila uso ukang'aa sawasawa. Mshumaa ukabaki pale mezani hauna kazi, maana utaangaza nini mahali ambapo giza lote limeondolewa? Lakini watu walifurahi sana, wakapanga foleni kupiga picha za simu mbele yake.

Siku ya jubilei yule mama akaja, akakaa, akatazama juu. Akatazama muda mrefu. Kisha akainuka kwaya ikiwa inaimba, akamfuata mwenyekiti.

"Baba, mmempeleka wapi yule mama?"

"Furahi na wenzako, mama. Tumeweka mwanga."

"Mwanga ulikuwepo," akasema. "Ulikuwa umemfika vidoleni. Mimi nilikuwa nakuja kuona kama leo umemfika usoni."

Akatoka, na hakurudi. Nani alimfuata? Hakuna. Keki ilikuwa inakatwa.

Walimwona tena alipoletwa kwenye jeneza. Kamati ikatafuta picha ya kuweka juu ya jeneza hilo. Za karibuni zilikuwepo, wakazikataa, eti amenuna. Wakapata moja ya zamani, anacheka meno yote nje, mwanawe amesimama kando yake. Wakaipeleka studio, mtoto akakatwa, akabaki mama na kicheko chake. Mwenyekiti akasoma wasifu: "Marehemu alikuwa mtu wa furaha siku zote." Kanisa zima likaitika, "Amina!"

Mbona leo mmenyamaza? Itikeni basi!

Sisi, wapendwa, ndio kamati ile. Dada anafika hapo mlangoni anasema, "Wiki nzima sijalala, nalia tu," nasi tunamkatiza, "Usikiri hivyo, mama! Sema umebarikiwa!" Anasema amebarikiwa. Tumeshampaka maua, tunaendelea na safari zetu. Nani alitufundisha kwamba mtu akilia, basi Bwana hayupo mezani? Mchoraji yule, ambaye hata jina lake hatulijui, aliwaweka wote wawili katika chumba kimoja, Bwana na mama anayelia, wala hakuona aibu. Alijua kwamba mwanga unakwenda polepole. Sisi hatuna subira hiyo, na inaniuma kusema hivyo, lakini hatuna.

Nimezoea kuwaambia, geuka umwambie jirani yako neno. Leo sitaki neno lolote kutoka kwenu. Geukeni mtazame tu, mpaka jicho lizoee. Kwenye benchi lako hilo hilo kuna mtu ana mtandio mdomoni. Kaa naye. Na kama hilo linatushinda, basi tusipoteze muda: ibada ikiisha tubaki hapa hapa, tuanze kuchagua picha zao za kuweka juu ya jeneza.