Jina Moja Kwenye Kitako cha Bunduki

Kaeni vizuri, na anayetafuna karanga atafune polepole, maana mwishoni nitauliza jambo na sitaki mtu aniambie hakusikia.

Katika kijiji cha Ilwanga, ndani ya misitu ya miombo huko Unyamwezi, walikuwapo watu watatu waliojaliwa vipawa.

Wa kwanza alikuwa Nyanzala, fundi cherehani. Kipawa chake kilikuwa jicho. Ukipita mbele ya kibaraza chake alijua bega lako lipi limeshuka na mguu wako upi ni mfupi, kabla hujajua mwenyewe. Nguo aliyoikata hairudi kupunguzwa.

Wa pili alikuwa Kaombwe, mrina asali. Yeye aliijua miti. Aliugonga mti kwa kifundo cha kidole, akatega sikio, kisha akakwambia kama ndani mna uozo au mchwa. Mkewe alikuwa amefariki, na hawakujaliwa mtoto.

Wa tatu aliitwa Lusajo, seremala aliyehamia kutoka Tukuyu. Mbao mbili alizoziunganisha Lusajo, huwezi kupitisha unywele katikati. Alikuwa amekaa Ilwanga miaka kumi na minane, ameoa hapo na kujenga hapo, lakini watu walikuwa bado wakisema, "Mpeleke kwa yule mgeni akutengenezee."

Na mwenye shida alikuwa Kisinza, mwindaji.

Kisinza hakuwa jangili. Kila mwaka msimu ulipofunguliwa alichukua kibali kwa bwana nyama, akawinda alichoandikiwa, akafunga bunduki yake hadi mwaka mwingine. Bunduki yenyewe aliirithi kwa baba yake, aliyeirithi kwa babu. Chini ya kifyatulio ilikuwa na mkono wa chuma: unausukuma mbele, unaurudisha, na risasi mpya imeshapanda. Mtu aliyeizoea hutoa risasi ya pili bila kuondoa shavu kwenye mti wa kitako.

Mwaka mmoja, mwezi wa pili, Kisinza alianguka na baiskeli kwenye mteremko wa mto akiwa ameivaa bunduki mgongoni. Alivunjika mtulinga wa kulia. Kitako cha bunduki nacho kikapasuka shingoni, pale mkono unaposhika, kikawa vipande viwili.

Mtulinga uliunga, lakini vibaya. Kiwiko cha kulia hakikupanda tena hadi usawa wa bega, na shingo ikawa ngumu, haikuinama. Kisinza alikwenda mjini kwa muuza bunduki. Akaonyeshwa kitako kilichonyooka, cha mtindo wa zamani, kama kile cha baba yake. Akakipandisha begani, shavu likaelea hewani, hakuiona hata ncha ya mtutu. Akaonyeshwa kingine, kilichopinda shingoni. Hicho kiliupumzisha mkono, lakini kilikuwa kirefu, tena cha bunduki nyingine kabisa. Chuma cha bunduki yake hakikuingia.

"Mzee wangu," muuzaji akamwambia, "bunduki ni nzima. Labda tatizo ni mwindaji."

Kisinza alirudi nyumbani na maneno hayo. Hakumsimulia mkewe, Mama Milembe, lakini siku nyingi alikuwa akitoka nyuma ya nyumba na mpini wa jembe, anaupandisha begani, anaushusha. Alikuwa na miaka hamsini na mbili. Hakuwa na kazi nyingine aliyoijua kwa mwili wake.

Siku moja Nyanzala alikuja kumletea Mama Milembe gauni, akamkuta hapo nyuma na mpini wake.

"Shemeji, unafanya nini?"

"Najifunza kuinama."

Nyanzala hakucheka. Alimzunguka, akamtazama ubavuni, akamtazama mgongoni. "Fumba macho," akasema.

"Nifumbe macho, halafu nilenge nini?"

"Wewe fumba tu. Uinue huo mpini mpaka mahali ambapo hapaumi. Usijilazimishe."

Kisinza akafumba macho, akauinua. Kiwiko kilikaa karibu na mbavu. Kichwa kilibaki wima. Nyanzala akatoa utepe wake shingoni, akaanza kupima: kutoka begani hadi kidole cha kufyatulia, kutoka kwenye shavu hadi kwenye mpini, kutoka kwenye kiwiko hadi ubavuni.

"Unahangaika kuufuata mwili wako wa zamani," alimwambia. "Huo haupo tena. Nikikushonea koti kwa vipimo vya mwaka juzi, utalivaa? Basi hata bunduki ikatwe upya."

Jioni ile alichora kwenye karatasi ya kaki, kama anavyochora suruali. Kitako kipungue urefu wa vidole viwili. Pa kuweka shavu painuke kidole kimoja, bunduki imfuate mwenyewe pale kichwa kilipo. Na shingo ya kitako isinyooke. Ipinde ielekee chini, ili mkono ushike bila kiwiko kupanda.

Kisinza alipeleka ile karatasi kwa Lusajo. Lusajo aliitandaza kwenye meza ya kazi, akaweka juu yake vile vipande viwili vilivyopasuka.

"Aliyechora hapa anajua," akasema. "Lakini tazama, baba Milembe. Mkono huu wa chuma umenyooka. Nikiupinda mti kuanzia hapa, chuma hakitalala. Itabidi ninyooshe mti pale chuma kinapokaa, halafu nipinde ghafla nyuma yake. Na nikiukata mpindo huo kwenye ubao wa kawaida, nyuzi za mti zinakatika. Utapiga risasi tatu, nne, shingo inavunjika. Labda inakuvunjikia usoni."

"Kwa hiyo haiwezekani."

"Inawezekana, ukinipatia mti uliopinda wenyewe. Uliokua hivyo."

Kisinza alimwendea Kaombwe, kwa kuwa hakuna mwingine wa kumwendea kwa habari ya miti. Alimweleza. Kaombwe alipanda kwenye dari la jiko lake, akashuka na kipande cheusi kwa moshi. Alipokipangusa, rangi ya mninga ikatokea, nyekundu kama chai ya rangi, na nyuzi zake zikateremka kwa kupinda, kama maji yanayozunguka jiwe.

"Hapa ndipo tawi lilipotokea kwenye shina," alisema. "Radi iliuangusha ule mti. Nimekikausha miaka kumi na mmoja, kila masika nakigeuza."

"Ulikuwa umekiweka cha nini?"

Kaombwe aliendelea kupangusa. "Kigoda cha mtoto wetu wa kwanza."

Kisinza akarudisha mikono yake nyuma. "Hicho siwezi kukichukua, mwenzangu."

"Chukua. Kigoda kinamngoja nani?"

Lusajo alifanya kazi siku ishirini na tatu. Watu walileta milango na vitanda, akawaambia wasubiri. Wengine wakaudhika wakaenda kijiji cha pili. Alikichukua kile chuma, akakipaka masizi ya kibatari, akakikandamiza kwenye mti, akakitoa. Palipoachwa weusi ndipo palipogusa; akapakwangua kidogo kwa patasi nyembamba kama ukucha, akapaka tena. Alirudia hivyo mpaka mke wake akamuuliza kama anatengeneza kitako au anakilea. Karatasi ya Nyanzala ilisema vidole viwili. Ubao wa Kaombwe ulitaka kufuata mpindo wake. Katikati ya hayo mawili ndimo mkono wa Lusajo ulimopita. Alimaliza kwa msasa, kisha nta ya nyuki iliyoyeyushwa kwenye mafuta.

Kisinza alipoipandisha begani mara ya kwanza, alikuwa amefumba macho. Alipofumbua, ncha ya mtutu ilikuwa imetulia ndani ya pengo la shabaha, mbele ya jicho lake. Mama Milembe alikuwa akimtazama kutoka mlangoni. Alisema baadaye kwamba mumewe alisimama hivyo muda mrefu, na hakuna aliyetaka kumwambia aishushe.

Msimu ulifunguliwa mwezi wa saba. Kibali cha Kisinza kilikuwa cha pongo dume mmoja. Jua lilikuwa limeshapanda alipofuata kijito, na Kaombwe alikuwa nyuma yake na ndoo, anakwenda kuangalia mizinga.

Pongo si mnyama mkubwa. Hamzidi sana beberu aliyeshiba. Lakini wawindaji wote wanajua kwamba pongo aliyejeruhiwa hakimbii daima. Wakati mwingine hukungoja kichakani, na pembe zake ni fupi, zimenyooka, na ncha zake ni kama misumari.

Walimkuta anakunywa maji. Kisinza akafyatua. Mnyama aliruka, akayumba, akaingia kichakani. Walisubiri, wakafuata damu polepole. Kisinza alikuwa akiitazama damu, na Kaombwe akiutazama mti wenye nyuki, pale kichaka kilipofunguka pembeni yao.

Pongo alikuja moja kwa moja kwa Kaombwe, kichwa chini.

Kisinza alirudi nyuma hatua moja apate nafasi, kisigino kikanasa kwenye mzizi, akaanguka. Aliangukia bunduki. Shingo ya kitako iligonga jiwe na uzito wake wote ukawa juu yake, pale pale kile cha zamani kilipopasukia. Akasikia mlio wa mti juu ya jiwe, akadhani imepasuka. Lakini alipoivuta, ilikuja nzima. Ameketi chini, kiwiko kimebanwa kwenye mbavu, hana nafasi ya kujiweka sawa wala kutafuta shabaha. Akaitupa begani tu. Shavu likatua, jicho likaona. Akafyatua, risasi ikamchuna mnyama mgongoni. Mkono wa chuma ukaenda mbele, ukarudi, laini, haukukwama popote. Akafyatua tena.

Pongo alianguka, pembe moja imetoboa ndoo ya Kaombwe. Kaombwe alikuwa bado ameishika ndoo kwa mikono miwili mbele ya tumbo lake.

"Umeumia?" Kisinza akauliza.

"Ndoo imeumia," Kaombwe akasema, kisha akakaa chini.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo penye jambo. Ukoo wa akina Kisinza una desturi. Bunduki ikipata kitako kipya na kumwaga damu ya kwanza, hupewa jina la mtu aliyeipa mwili. Jina huchomwa kwa waya wa moto chini ya kitako, na wawindaji wanapoondoka hulitamka kwa sauti. Jina ni moja tu, kwa sababu hutamkwa kwa pumzi moja, kama unavyomwita mwenzako wa kukusaidia. Kitako kilichopasuka kilikuwa na jina la fundi aliyekufa kabla babu yake Kisinza hajaoa. Hakuna aliyejua sura yake, wala kaburi lake, lakini jina lake lilikuwa limetamkwa vizazi vitatu.

Jumamosi nyama ililiwa uani kwa Kisinza, na wote watatu walikuwapo.

"Andika yote matatu," Mama Milembe alisema.

"Halitakuwa jina, litakuwa orodha," Kisinza akajibu.

Lusajo alikuwa akigeuza mfupa mkononi. "Mimi sitasema niandikwe," alisema. "Nitasema tu kwamba milango thelathini na kitu ya kijiji hiki nimeitengeneza mimi, na hakuna hata mmoja unaoitwa wa Lusajo. Wanangu wamezaliwa hapa. Wakiulizwa kwao wapi, watu wanawajibia Tukuyu."

"Mimi nitasema niandikwe," Nyanzala akasema, na watu wakageuka. "Ndiyo. Tangu nizaliwe sijasikia bunduki yenye jina la mwanamke. Lakini muuza bunduki alikuwa ameshasema tatizo ni shemeji. Seremala asingejua akate nini, na mti ungebaki darini. Nani alisema ikatwe upya?"

Kisinza alishtuka. Hakuwa amemwambia mtu maneno ya muuza bunduki. Au labda yalikuwa yakionekana mwilini mwake, na jicho la Nyanzala lilikuwa limeyasoma.

"Kuchora kwenye karatasi ni rahisi," Lusajo alisema, bila hasira. "Karatasi haivunjiki."

"Wala mkono wako haukuzuia shingo isivunjike kwenye jiwe," Nyanzala akajibu. "Huo ulikuwa mti."

Wote wakamtazama Kaombwe. Alikuwa ameshainuka, amefunga nyama yake kwenye jani.

"Msinihesabu mimi," alisema. "Nimeshalipwa. Ningekuwa nimezikwa leo."

Ilionekana maneno hayo yamemtoa mmoja kwenye hesabu. Lakini alipopita mlangoni, bunduki ilikuwa imeegemezwa hapo, na Kisinza alimwona akiweka kiganja chake juu ya kitako, pale nyuzi zinapopinda, akakiacha hapo kama mtu anayemshika mtoto kichwani. Kisha akaenda zake, katika nyumba ambayo jina lake litaishia humo.

Kesho yake asubuhi Kisinza aliketi peke yake na jiko la mkaa. Aliwaza kumwandika Nyanzala, akaona bila mti na mkono vipimo vyake ni karatasi. Aliwaza Lusajo, akaona mkono mzuri usioambiwa wapi pa kukata ungekata kitako cha mwanamume mwingine, mzima kuliko yeye. Aliwaza Kaombwe, akakumbuka kwamba mti ule ungekaa darini hadi mwenyewe afe, na pia kwamba hakuna aliyetoa kitu asichoweza kukipata tena isipokuwa yeye. Aliyedai, je, anyimwe kwa sababu amedai? Aliyekataa, je, apewe kwa sababu amekataa? Na aliyesema nusu nusu?

Waya ulikuwa mwekundu. Akaushika kwa kitambaa, akaipindua bunduki mapajani, akausogeza karibu na mti. Ukapoa mkononi mwake. Akaurudisha kwenye makaa. Wawindaji wenzake, wenye vibali vyao, walikuwa wameshaanza kukusanyika njiani, wanamngoja atoke na kulitamka jina.

Mimi niliyewasimulia naishia hapa, pamoja na Kisinza, mbele ya makaa. Ninyi ndio mmeyasikia yote, na waya uko motoni. Wewe ungechoma jina la nani?