Sekunde Moja ya Mafundi Wawili

Ndugu zangu, wekeni simu chini mnisikilize. Dunia huzunguka ikichelewa kidogo kidogo, mpaka saa za mitambo zinaitangulia. Ndipo wasimamizi wa saa hutoa agizo: siku fulani, kila saa isimame sekunde moja, iisubiri dunia. Sekunde moja tu, haitoshi hata kupiga chafya.

Kulikuwa na hospitali yenye mafundi wawili. Mmoja alitunza mtambo wa oksijeni uani, mwenzake mashine za wodini. Mtungi ukikaribia kuisha, mashine ya wodini ilituma ombi lililoandikwa saa ya kutumwa, na mtambo ukafungua mtungi mwingine wenyewe. Agizo la sekunde lilipofika, mganga mkuu aliwaambia, "Rekebisheni wote siku ileile, na mwambiane."

Waambiane vipi? Hawa walikuwa hawasalimiani mwaka wa pili. Wa wodini hakwenda kumzika mama wa mwenzake, wala hakutuma pole. Wa uani akarekebisha saa yake, akanyamaza. Muuguzi akamuuliza, "Umemwambia mwenzako?"

"Karatasi ya agizo kapewa. Ana macho."

Na wa wodini karatasi aliitia mfukoni. "Akiwa tayari atanifuata," alisema.

Kesho yake mchana, mama mmoja aliyetoka kupasuliwa alikuwa akipumulia mashine ile. Mtungi ukawa unaisha, ombi likaenda. Mtambo, ambao saa yake sasa ilikuwa nyuma ya ile ya wodini kwa sekunde moja, ukaona limeandikwa saa ambayo bado haijafika, ukalikataa kama la uongo. Likatumwa tena, likakataliwa tena. Wauguzi walipofika uani kufungua mtungi kwa mkono, mama yule alikuwa ameshakata roho. Mumewe alikuwa mlangoni na chupa ya uji.

Kikao kikaitwa. Mume akauliza, "Kwa hiyo mke wangu kafa kwa ajili ya sekunde moja?"

Fundi wa uani akainuka. "Hapana, kaka. Kafa kwa sababu huyu hakuja kumzika mama yangu."

Mnaguna. Mnawahukumu, eti? Na sisi je? Bibi yule wa nyumba ya nyuma ya kanisa alilala na homa siku nne. Zamu ya kumtazama ilikuwa ya wazee wawili wa kanisa hili, wasiosemeshana tangu uchaguzi wa kwaya. Kila mmoja alidhani mwenzake kaenda, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuuliza. Nanyi mlijua, na mimi nilijua.

Huo si mfano, ndugu zangu. Tulimzika Jumanne, na mazishini tulijaa.