Mdomo wa Chewa Ulivyoingia Ramanini

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Chini ya maji kuna nini?"

"Kuna wenyewe!"

Basi tegeni masikio, niwape habari zao.

Hapo kale, tena si kale sana, watu wa nchi kavu walishusha mashine baharini. Ilikuwa ya njano, ndefu kama papa mchanga, na ndani yake mlikuwa na akili bandia. Kazi yake ilikuwa kuchora ramani ya chini ya bahari, ili watu wapange: hapa pavuliwe, hapa samaki waachwe wazae, hapa meli zipite. Ikienda inalia, tii! tii! Mlio ukirudi, inajua kama mbele ni mwamba, ni mchanga au ni majani. Lakini nani anakaa wapi haikujua. Ilikuwa inauliza.

Aliyejitokeza kujibu ni Bwana Chewa, samaki mnene, mdomo kama mlango wa ghala, mlafi asiyejua kushiba. Mashine mbele, yeye ubavuni.

"Tii! Mwamba. Kuna wakazi?"

"Hakuna. Andika Chewa."

"Tii! Mchanga. Kuna wakazi?"

"Hakuna. Andika Chewa."

"Tii! Majani. Kuna wakazi?"

"Hakuna. Andika Chewa."

Kumbe kwenye majani yale aliishi Mama Uduvi na watoto wake, wadogo kama kope za jicho. Akaruka, akapiga kelele, "Tupo! Sisi tupo!" Nani amsikie? Sauti ya Chewa ilimfunika.

Mashine ikasema itapita tena kesho kuhakiki, ikaenda zake. Chewa akatangaza, "Ramani imesema! Atakayemsumbua mkazi aliyeandikwa, awe nani awe nani, mikunga wamfukuze mpaka kilindini!"

Mikunga, wale samaki warefu kama nyoka, ndio waliokuwa askari. Wakaitikia, meno nje, "Ramani imesema!"

Mama Uduvi akafukuzwa kwake. Akakaa mchangani, watoto wamemng'ang'ania miguu. Akalia. Alipochoka kulia, akaanza kufikiri.

Kulipokucha akaenda mlangoni kwa Chewa.

"Shikamoo, Bwana mkubwa."

"Marahaba. Hujahama tu?"

"Nimekuja kukuaga, Bwana. Ila leo mashine inapita, na meno yako, niwie radhi, yana magamba ya juzi. Turuhusu mimi na wanangu tukusugue kidogo, ikukute umependeza."

Chewa alipenda sifa kama alivyopenda nyama. Akaachama, aaaah!

Mama Uduvi akasita. Humo ndimo walimopotelea dada zake. Akawatazama watoto wake wasio na kwao, akaingia, nao wakamfuata. Kwichi-kwichi, wakasugua meno. Kwichi-kwichi, wakasugua fizi. Chewa akaburudika, macho yakalegea, akasinzia mdomo wazi, khorooo!

Mara, tii!

"Mwamba," ikasema mashine. "Mwamba una pango. Kuna wakazi?"

"Tupo!" akajibu Mama Uduvi kutoka ndani. "Andika Uduvi na wanawe!"

"Nimeandika."

Chewa akazinduka. Kabla hajafumba mdomo, mikunga wameshamzunguka.

"Taratibu, Bwana. Humo mna wakazi. Ramani imesema."

"Aa-u-aa!"

"Ndiyo amri yako mwenyewe, Bwana."

Mashine ikaendelea na safari yake ya kuhakiki. Chewa akaifuata mbiombio, mdomo umeachama, taya zinamuuma, na neno "hakuna" halitoki.

"Tii! Mwamba. Kuna wakazi?"

"Aa-u-aa!"

"Sijaelewa. Kuna wakazi?"

Samaki changu na tasi wakachomoza. "Tupo!"

"Nimefuta Chewa. Nimeandika ninyi."

"Tii! Mchanga. Kuna wakazi?"

"Aa-u-aa!"

"Tupo!" wakapokea kaa, magando juu.

"Tii! Majani. Kuna wakazi?"

Mama Uduvi akachungulia juu ya jino la mbele, akapaza sauti ambayo hakujua kuwa anayo. "Hapa ni kwetu! Tupo tangu enzi za bibi zetu!"

"Nimeandika."

Wakatoka mdomoni wakicheza, mama mbele, watoto nyuma. Mwamba mzima ukashangilia. Hata mikunga walisahau uaskari wao, wakapiga vigelegele. Nyuma yao mdomo ukafumba, kwap! Chewa akabaki na pango lake la zamani, linalomtosha yeye na mkia wake.

Watu walipoipata ramani wakaifurahia. Wakaamua majani yale yasiguswe, samaki wakazaa wakajaa. Ila jambo moja linawasumbua wataalamu mpaka leo: lile pango la uduvi. Wanazama na mitungi yao ya hewa kulitafuta, na kila wakilikaribia, linapiga mkia, linaondoka.

Hadithi yangu imegusa chini. Ikiwa tamu, itafuneni. Ikiwa na miiba, nirudishieni mwenyewe.

Na funzo lake? Wanangu, mkubwa akisinzia, msimwingie mdomoni. Si adabu, na hakuna aliyewahi kufanya hivyo akafanikiwa.