Pimbi na Matuta Matatu ya Mchicha

Wasikilizaji, mpo?
– Tupo!
Masikio mmekuja nayo?
– Tumekuja nayo, yote mawili!
Basi yategeni.

Palikuwa na Pimbi, mjane mwenye watoto watatu. Mwaka ule mvua iligoma, nyasi zikakauka hadi mizizi. Pimbi akawa anateka maji kwenye ufa wa jabali, tone kwa tone, akimwagilia matuta matatu ya mchicha. Tuta moja kwa kila mtoto.

Ngiri akanusa harufu. Akaja, tingi tingi tingi. Akafukua, fuku fuku fuku. Akala tuta la kwanza, kacha kacha kacha, akaondoka bila kuaga.

Pimbi akakata matawi ya miiba, akayazungushia matuta. Ngiri akaja, tingi tingi tingi. Akaisukuma miiba kwa meno yake marefu. Akala tuta la pili, kacha kacha kacha, akaondoka bila kuaga.

Wiki hiyo kitinda mimba wa Pimbi alilala asiamke. Pimbi akamzika mwenyewe, kisha akarudi kumwagilia tuta lililobaki. Hakulia. Maji ya kulilia angeyatoa wapi?

Akaenda njiani wanakopita watu, akaokota makopo matupu. Akatia kokoto ndani, akayafunga kwenye kamba ya katani, akaitundika juu ya tuta. Akatwanga pilipili kichaa, akaikoroga na maji, akanyunyizia kila jani. Kisha akajitanda kaniki, akakaa kando.

Ngiri akaja, tingi tingi tingi.

"Karibu, bwana mkubwa," Pimbi akanong'ona. "Kula tu, mie nimechoka. Ila taratibu, usimwamshe mkwe wangu."

"Mkwe gani?"

"Chui. Kamposa binti yangu. Kajilaza nyuma ya jabali."

Ngiri akacheka. "Chui aoe pimbi! Njaa imekupanda kichwani, mama."

Akauma jani. Kacha! Mdomo ukawaka moto. Machozi yakamtiririka hadi puani.

"Nini hiki?"

"Ole wangu, umelamba mate yake!" Pimbi akajishika kichwa. "Mkwe wangu akitaka kula kitu kesho, hukitemea mate leo. Sasa mate yake yamo kinywani mwako. Atakufuata kwa harufu."

Upepo ukavuma. Chakacha! Chakacha!

"Hizo ni njuga zake. Ameamka!"

Ngiri mkia juu, tingitingitingi, hata nyuma hakutazama. Akachovya mdomo kwenye tope la bwawa, ukapoa. Hakupata hata mkwaruzo.

Lakini njaa yake ilikuwa palepale. Kesho yake akateremkia bondeni kwa Kobe, mkulima wa viazi.

Kobe akapanda jabali kutwa nzima, akafika kwa Pimbi akihema.

"Dada, Ngiri kahamia kwangu. Nasikia wewe ulimfukuza. Ulifanyaje?"

Pimbi akawatazama wanawe wawili wakila. Akawaza: makopo yakilia kwa Kobe pia, pilipili ikichoma kwa Kobe pia, Ngiri atajua hapana Chui. Atarudi.

"Sikufanya kitu, kaka," akasema. "Nadhani mchicha wangu haukumpendeza."

Kobe akashukuru, akaanza kushuka.

Mvua ziliponyesha, gamba la Kobe lilikutwa pembeni mwa shamba lake, limejaa maji. Pimbi akapeleka mchicha matangani. Aliuosha mara tatu, pilipili isisikike. Waombolezaji wakamsifu kwa ujirani wake mwema. Yeye akainamisha kichwa, asile hata tonge moja.

Ngano yangu imefika ukingoni. Aliyeipenda aibebe, aliyeichukia aiache mlangoni.

Na funzo lake? Ukitaka kulinda bustani yako, tumia njia rahisi isiyomdhuru kiumbe yeyote. Pimbi alifanya hivyo, na hakuna aliyeumia.

– Na Kobe je?

Kobe? Kobe hakuumizwa na mtu. Alikufa njaa tu, kimya kimya, kwake.