Barua Iliyosomwa kwa Hakika

Ndugu zangu, huko juu kwenye mashamba ya chai aliishi mwalimu mmoja mstaafu, Mwaisumo. Kila barua ya Kiingereza iliyofika kanisani ilipelekwa kwake. Watu walimwita Kamusi, naye, ingawa Kiingereza chake kilikuwa cha miaka minne tu ya darasani, hakulikataa jina hilo. Nani kati yetu angelikataa?

Jumamosi moja asubuhi Mama Ambwene alimletea barua. Mwanawe wa pekee alikuwa amevuka mpaka kwenda kuchimba shaba, na barua ilitoka hospitali ya huko. Majirani walishajaa uani. Mwalimu akavaa miwani.

Ilikuwa barua fupi. Mwanzoni kabisa aliona neno analolijua, "certain", yaani hakika. Likafuata jina la Ambwene, kisha kwamba amelala, kisha "grave", kaburi. Mengine yalimpita, ila mwishoni aling'amua kwamba mama anaombwa aende upesi. Hapo moyo wake ukasita. Kaburi lina haraka gani? Alitaka kusema, ngojeni nimwulize mchungaji. Lakini mchungaji alikuwa amehamia juzi tu, tena kwa umri angeweza kuwa mwanawe, na macho ya watu wote yalikuwa yakimtazama yeye.

Akasema, "Mama, Ambwene amelala kaburini. Wamemzika huko huko."

Mama hakulia. Alimwangalia usoni, akauliza, "Una hakika, Mwalimu?"

"Nina hakika."

Basi wakaweka matanga. Nguo za Ambwene zikagawiwa kwa binamu zake. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyesoma wasifu wa marehemu, na watu wakamsifu kwa maneno mazuri.

Mwezi wa pili baada ya matanga akafika mchimbaji mwenzake Ambwene, amebeba blanketi la rafiki yake. Mwalimu aliitwa kumkaribisha. Mgeni alikunywa chai, kisha akauliza, kwa upole tu, mbona hakuja mtu hospitalini. Akaeleza kwamba mgodi ulipoporomoka Ambwene alitolewa hai. Aliishi siku kumi na tisa tu baada ya barua kutumwa. Kila mlango wa wodi ulipofunguliwa alinyanyua kichwa, mpaka wauguzi wakamsogezea kitanda karibu na mlango ili asijichoshe.

Mama akaingia ndani, akaitoa barua kwenye Biblia yake. Mgeni alikuwa ameishi na Kiingereza miaka mingi. Akaisoma polepole kwa Kiswahili: "Mtu fulani aitwaye Ambwene amelala hapa kwetu, hali yake ni mahututi. Anamwita mama yake. Tafadhali aje upesi."

Kumbe neno lile lina sura mbili. Husema hakika, na husema pia fulani, mtu ambaye hata mwandishi hamjui vizuri. Na lile la kaburi, likitajwa pamoja na hali ya mgonjwa, maana yake ni kuzidiwa.

Mwalimu alipiga magoti pale pale sakafuni. Angeweza kusema Kiingereza ni kigumu, na wote wangekubali. Akasema, "Sikuwa na hakika, mama. Nilisita, nikakunyamazia."

Mama akalichukua blanketi la mwanawe, akaliweka mapajani.

"Kusoma vibaya ningekusamehe leo hii," akasema. "Lakini nilikuuliza, Mwalimu. Nilikuuliza."

Ndugu zangu, msimcheke mzee yule. Kiingereza kinatushinda wengi, na Mungu hatatupa mtihani wa Kiingereza. Kilichomtenga mama na mwanawe ni majibu ya maneno mawili, yaliyotolewa na mtu aliyeona aibu kusema sijui.

Na sisi je? Ni wangapi tumewazika wangali wazima? Yule kaka yako uliyesema pombe imeshammaliza, hakika hatarudi, nani alikusomea habari hiyo? Yule binti mliyeacha kulitaja jina lake mezani, mna hakika gani kwamba hawaiti? Ulipoulizwa habari zake ulijibu upesi, ukabadilisha mazungumzo. Moyo ukasita kidogo, nawe ukaunyamazisha kwa sababu watu walikuwa wanatazama.

Leo ibada ikiisha, msipange mstari kunipa mkono. Nendeni kwao kwanza.